Sentensi za wakati uliopita zinapokataa: dalili, chanzo na dawa

Mtu anayeanza Kiingereza akikosea wakati uliopita, ushauri anaopewa ni mmoja: kariri jedwali la vitenzi. Anakwenda, anakariri kweli: go, went, gone, see, saw, seen, buy, bought, bought. Wiki inayofuata anaandika "I didn't went". Jedwali kalishika barabara na kosa liko palepale.

Tatizo ni kwamba jedwali linatibu ugonjwa mmoja tu, wa kutojua umbo la kitenzi. Makosa mengi ya sisi tunaofikiri kwa Kiswahili hayatoki huko. Yanatoka kwenye -li-, -me-, -ka- na "nilikuwa", ambavyo kichwani mwetu vinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila tunavipeleka kwenye lugha isiyokuwa navyo. Kwa hiyo usianze na jedwali. Chukua sentensi yako iliyopigwa mstari mwekundu, tafuta inayofanana nayo hapa chini, kisha jiulize: nilipoiandika, Kiswahili chake kilikuwa nini?

"I was go to town"

Hili ndilo kosa la kwanza kwa wengi, na chanzo chake kina mantiki. "Nilienda" ukiivunja unapata ni-, -li- na -enda. Ni- ni "I", -enda ni "go", katikati imebaki -li- inayotafuta neno lake. Na kwa kuwa tulifundishwa "nilikuwa" ni "I was", tunaichomeka "was" pale katikati.

Kiingereza hakina kipande cha kuchomeka. Wakati umo ndani ya kitenzi chenyewe: "walk" inakuwa "walked", "go" inakuwa "went". Basi kipimo cha haraka ni hiki: ukihesabu kitenzi kimoja kwenye Kiswahili chako, mfano nilienda, nilinunua, tulicheza, na Kiingereza nacho kiwe kimoja: "I went", "I bought", "we played". Ukihesabu viwili, kama "nilikuwa ninapika", hapo ndipo "was" inapoingia, na kitenzi cha pili kinapata -ing: "I was cooking".

Kipimo hicho kinakwama sehemu mbili, na ni bora uzijue mapema. Ya kwanza ni vitenzi vya kutendwa, vile vyenye -w- mwishoni. Nilizaliwa ni "I was born", shule ilijengwa ni "the school was built". Ndiyo maana "I born in Tanga" ni kosa, na "he was died" nalo ni kosa: kwenye "alikufa" na "alifariki" hakuna -w-, kwa hiyo ni "he died" tu. Alifiwa ina -w-, lakini usijaribu kuitafsiri ilivyo. Waingereza wana njia yao: "she lost her father".

Sehemu ya pili ni hali za mwili na moyo. Sisi tunazisema kwa kitenzi, wao wanazisema kwa kivumishi. Nilichoka, nilifurahi, nilishiba, nilikasirika, nilichelewa: "I was tired", "I was happy", "I was full", "I was angry", "I was late". Hapa "was" ni lazima. Anayeandika "I late yesterday" amefuata kipimo changu cha juu kwa uaminifu kabisa na amekosea, kwa hiyo orodha hii ndogo ikae kichwani peke yake.

"I was having a phone" na "It was many people"

Nilikuwa na simu. Kiswahili hakina kitenzi cha kumiliki kama "have". Tunakuwa *na* kitu. Tukifika wakati uliopita, "nilikuwa" inavuta "was", kisha "na" inavuta "having" au "with". Kiingereza kinamaliza yote kwa neno moja: "I had a phone", "we had a problem", "she had two children". "I was having" ipo na ni sahihi, lakini kwa jambo linaloendelea, hasa la chakula: "I was having lunch when he called", yaani nilikuwa nakula aliponipigia.

Kulikuwa na watu wengi ni "there were many people". Ku- ya mahali ndiyo "there". Ukiandika "it was many people" msomaji anaanza kutafuta hiyo "it" ni kitu gani.

Kuhusu "was" na "were" hakuna siri: "was" ni ya I, he, she na it, "were" ni ya you, we na they. "You" ni "were" hata kama unaongea na mtu mmoja.

"I didn't went", "Did you saw him?"

Hapa anayekosea si mvivu; ni yule aliyekariri jedwali sana. Ameambiwa jana ni "went", basi kila penye jana anaweka "went".

Angalia unavyokanusha kwa lugha yako. Nilienda, sikuenda. Ukileta -ku- ya kukanusha, -li- inaondoka. Hujawahi kumsikia mtu akisema "sikulienda". Kiingereza kinafanya vilevile: "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la kwanza. "I didn't go." "Did you see him?" "She didn't tell me." Kwa masikio ya Mwingereza, "I didn't went" ni "sikulienda" hasa.

"Be" haitaki "did" kabisa. Sikuwepo ni "I wasn't there", wala si "I didn't be there".

Kwenye maswali kuna shida ya pili inayojificha. Sisi hatuhamishi maneno tukiuliza. Ulienda wapi, kwa nini hukuja, mpangilio ni ule wa sentensi ya kawaida, na "wapi" au "kwa nini" ndiyo inayouliza. Ndiyo tunapata "You went where?" na "Why you didn't come?". Kiingereza kinataka "did" itangulie mtendaji: "Where did you go?", "Why didn't you come?". Isipokuwa unapouliza mtendaji mwenyewe ni nani. Nani alikwambia ni "Who told you?", bila "did", na "told" inabaki "told".

"I went to the market and buy fish"

Hili nalipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu walimu wengi hulichukulia kama uzembe. Wanaona kitenzi cha kwanza kiko sawa, wanaandika pembeni "kuwa makini", wanaendelea. Mwanafunzi hakukosa umakini. Alikuwa anafikiria -ka-.

Nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi, nikapika. Katika sentensi hiyo -li- imetokea mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo -ka- inashika usukani, na -ka- yenyewe haitaji ni lini. Inasema tu kwamba hili limefuata lile, na wakati inaegemea ule uliokwishatajwa. Ni utaratibu mzuri sana wa kusimulia. Ndio unaoendesha hadithi zote tulizosimuliwa tangu utotoni. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Kina "and" na "then", lakini hayo hayabebi wakati. Kila kitenzi lazima kijibebee wakati wake: "I went to the market, bought fish, came home and cooked it."

Kosa hili linauma zaidi darasani. Katika shule za serikali za Tanzania mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza, na somo la historia lote ni wakati uliopita. Anajua habari za Maji Maji vizuri, anaandika hivi: "The Germans came and force people to grow cotton. In 1905 people refuse and start a war." Sikiliza Kiswahili kilicho chini yake: Wajerumani walikuja, wakawalazimisha watu kulima pamba. Mwaka 1905 watu wakakataa, wakaanzisha vita. Kila penye -ka-, kitenzi cha Kiingereza kimebaki uchi. Came, force, refuse, start: kimoja kimevaa, vitatu havijavaa. Sahihi ni "The Germans came and forced people to grow cotton. In 1905 people refused and started a war."

Umeona "grow" imebaki ilivyo? Hapo ni kulima, ku-, siyo -ka-. Baada ya "to" kitenzi hakiguswi hata kama habari ni ya mwaka 1905. "I wanted to went" ni kosa la mtu aliyezidisha dawa.

Namna ya kujitibu: ukimaliza kuandika aya, isome tena kimoyomoyo kwa Kiswahili. Kila unaposikia nika-, aka-, tuka-, waka-, weka kidole kwenye kitenzi cha Kiingereza kilicho hapo na uangalie kama kimebadilika. Na usiigeuze kila -ka- kuwa "then". Aya yenye "then" sita inachosha hata kama vitenzi vyake vyote viko sawa.

"He said he is sick"

Alisema anaumwa. Nilidhani uko nyumbani. Kwetu -li- inakaa kwenye kusema na kudhani, kinachosemwa kinabaki katika wakati wa msemaji mwenyewe. Kiingereza kikishaanza na "said", "thought" au "knew", kwa kawaida kinaburuta na kitenzi cha pili nyuma: "He said he was sick", "I thought you were at home". "Will" nayo inakuwa "would": alisema atakuja, "he said he would come".

Kama jambo bado ni kweli hadi sasa, wakati uliopo unaruhusiwa baada ya "said". Lakini "I thought you are at home" haina pa kujitetea, kwa sababu unaisema pale tu unapogundua kwamba huyo unayemwambia hayupo.

"I have seen him yesterday"

Nimemwona jana. Mtaani hakuna atakayekushangaa, maana -me- ya Kiswahili inakubali kukaa na jana. "Have" ya Kiingereza haikubali. Ukitaja saa, siku au mwaka uliokwisha, "have" inatoka: "I saw him yesterday", "I finished school in 2015". Usipotaja wakati, na ukitaka kusema jambo limekwishafanyika, ndipo inarudi: "I have seen him", "I have finished".

-me- ina mtego mwingine, wa hali. Amelala, amekaa, amevaa shati jekundu. Hizo si habari za lililopita. Ni jinsi mtu alivyo sasa. "She has worn a red shirt" inaeleweka kwa taabu. Sema "She is wearing a red shirt", "he is asleep", "they are sitting outside". Ukirudisha nyuma, alikuwa amevaa inakuwa "she was wearing". Wala si "she was worn", ambayo inamfanya dada wa watu kuwa nguo iliyochakaa.

"I musted" na "I was going every day"

Kwa haraka. Ilibidi, ilinilazimu: "I had to". "Must" haina wakati uliopita wa kwake. Niliweza na sikuweza: "I could", "I couldn't". Ila kama uliweza mara moja baada ya kuhangaika, "I managed to" ndiyo inayokaa vizuri. Nilikuwa nikienda kila siku, yaani ilikuwa desturi: "I used to go every day", yenye -d kwenye "used".

"Goed", "buyed", "cutted"

Sasa ndiyo tumefika kwenye ugonjwa wa jedwali. Mtu anayeandika "buyed" ameelewa kanuni ya -ed, na hiyo ni hatua nzuri. Watoto wa Kiingereza wenyewe husema "goed" wakiwa wadogo. Balaa ni kwamba vitenzi vinavyotumika kuliko vyote, be, have, do, say, go, get, make, know, take, see, come, vyote ni vikaidi. Na ndiyo sababu vimebaki hivyo: kitenzi kinachosemwa kila siku hakisahauliki umbo lake la kale, kinachosemwa kwa nadra hunyooshwa kifuate -ed. "Help" zamani ilikuwa "holp". Leo ni "helped". "Went" yenyewe ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", ikahamia kwa "go". Tusiwacheke sana, maana hata sisi tukimwita mtu hatusemi "kuja" wala "ja", tunasema "njoo".

Usivikariri kwa alfabeti kama vilivyopangwa nyuma ya kamusi. Alfabeti inaweka "buy" karibu na "burn" ilhali havina undugu. Vipange kwa sauti. Drink, drank; sing, sang; begin, began; swim, swam. Know, knew, grow, grew, throw, threw, blow, blew. Keep, kept, sleep, slept, feel, felt, leave, left. Send, sent; lend, lent; spend, spent; build, built. Kundi la mkia mrefu: buy, bought, bring, brought, think, thought, catch, caught, teach, taught. Na kundi la vivivu visivyobadilika kabisa: cut, put, hit, shut, let, cost, hurt. "Read" inajifanya ya kundi hilo kwa maandishi, lakini ya jana inatamkwa "red".

Ukikutana na "learnt" mahali pamoja na "learned" pengine, yote mawili yanakubalika. La kwanza ni la Uingereza zaidi. "Gotten" ni ya Marekani.

"Stoped", "studyed", "openned"

Herufi ya mwisho inarudiwa pale silabi ya mwisho inapokuwa na mkazo na kuishia na konsonanti, irabu moja, konsonanti: stop, stopped, plan, planned, prefer, preferred. "Open" na "visit" mkazo wake uko mwanzoni, hivyo ni "opened" na "visited". Y yenye konsonanti mbele yake inageuka i: "studied", "carried". Yenye irabu inaachwa: "played". "Travelled" ya Uingereza ina l mbili, Marekani wanaandika moja.

Umeandika sawa, ukisema hueleweki

Neno la Kiswahili hupenda kuishia na irabu, kwa hiyo -ed tunaifanyia moja kati ya mawili: tunaipa irabu, "walked" ikawa "wokedi", au tunaimeza, ikawa "wok". Ukiimeza, "I worked there" inageuka "I work there", na aliyekuuliza kwenye usaili anadhani bado uko kazini.

Silabi nzima ya -ed inasikika tu baada ya t na d: "wanted", "needed". Baada ya sauti kama p, k, f, s, sh na ch ni t kavu: "walked" ni "wokt". Kwingine ni d: "played", "opened". Kama mwisho huo unakushinda, uhamishie kwenye neno linalofuata likianza na irabu. "I worked in Arusha" isome "wek-tin Arusha". "I stopped a bus" isome "stop-ta bas". Silabi inayoanza na t ulimi wetu unaiweza bila shida.

Kuna jozi zinazogombana mdomoni na kisha kwenye daftari. "Bought" ni nilinunua, "brought" ni nilileta. "I brought this shirt at Kariakoo" ina r ya ziada. "Fell" ni nilianguka, "felt" ni nilihisi. Na kwa kuwa "leave" na "live" tunazitamka sawa, watu wanaandika "I lived home at six". Niliondoka ni "left".

Jaribu na hii

"Last Saturday I was go to Mwanza to see my grandmother. I found she is sick. She was having a fever and she didn't ate anything. I went to the pharmacy and buy medicine. In the evening she wake up and asked why I didn't told her I am coming."

"Was go" ni -li- iliyotafutiwa neno: "went". "She is sick" ni nilikuta anaumwa, kitenzi cha pili hakikuburutwa nyuma: "she was sick". "Was having a fever" ni alikuwa na homa: "had a fever". "Buy" na "wake" ni -ka- mbili: "bought", "woke". "Didn't ate" ukiisahihisha kwa kanuni ya "did" unapata "didn't eat", yaani hakula. Lakini mwandishi alitaka kusema alikuwa hajala kitu, tangu kabla hajafika yeye, na hiyo ina umbo lake: "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, "she hadn't eaten anything". Na pale mwisho bibi aliuliza kwa nini sikuwa nimemwambia kwamba ninakuja: "why I hadn't told her I was coming".